Mchezo Usio na Filimbi

1 Juni 1976
Mwalimu wa ngumbaru kasema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, tusije tukasahau herufi. Haya, naandika. Mimi ni Lusubilo, kibarua katika shamba la kahawa la serikali, huku Iyula. Mke wangu Enesi alifariki mwaka juzi. Binti yetu kaolewa Zambia. Nakaa peke yangu. Basi.

2 Juni
Kuchuma. Baridi.

5 Juni
Asajile, mwenyekiti wa kijiji, kaja tena kwa ajili ya shamba la mtoni. Tulipohamishwa kuja kukaa kwa mistari hapa barabarani, nyumba ya zamani niliiacha. Shamba la mtoni halikuwa na nyumba, likabaki langu. Lina kahawa, lina migomba, maji hayakauki hata mwezi wa kumi. Tulilifyeka mimi na Enesi, kabla binti hajazaliwa. Asajile anataka kuweka hapo mashine ya kumenya kahawa ya kijiji.

Kasema, "Lusubilo, mashine ni ya wote."

Nikamwambia, "Mbona hata kwako maji yapo?"

"Kwangu maji ni madogo."

"Basi weka mashine ndogo."

Kaondoka bila kuaga. Ninajua kinachomsumbua. Angeweza kuchukua tu kwa jina la kijiji, lakini hakuna atakayeshika jembe. Hapa kwetu ardhi haitoki mpaka mwenyewe ang'oe mti wa mpaka kwa mkono wake, watu wakiona. Akishaung'oa haupandi tena, akiupanda ni mwizi. Asipoung'oa, anayelima hapo ndiye mwizi. Ni tangu mababu. Hata Asajile anaogopa.

8 Juni
Ukungu mpaka saa nne. Nyapara kakasirika na ukungu.

10 Juni
Wageni wamefika kwa lori kutoka stesheni ya Vwawa. Wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Mwalimu wao anaitwa Makame, mtu wa Unguja, kavaa sweta mbili na bado anatetemeka. Tumeambiwa wamekuja kujifunza uongozi.

Nikamuuliza jirani yangu Anyosisye, uongozi unajifunzwaje?

Kasema, "Kama udereva. Wanakupa gari bovu kwanza."

"Gari bovu ni nani?"

"Sisi."

Kila nyumba imepewa mgeni. Mimi nimepewa kijana anaitwa Ishaka, wa Tanga. Ana sanduku la vitabu, zito kama gunia la mahindi. Kauliza choo kiko wapi. Kaenda, karudi anakimbia. Upepo wa huku haumjui mtu.

11 Juni
Ishaka hawezi kupasua kuni. Kapiga jiwe. Tumecheka wote wawili. Siku nyingi sijacheka ndani ya nyumba hii.

12 Juni
Jumamosi. Nimepata lori mpaka Tunduma kununua chumvi. Sokoni yule Mzambia wa vitu vya dukani kanisalimia "Mulishani, mudala," akataka kuniuzia redio. Nimenunua sabuni ya kunukia. Sijawahi kununua sabuni ya kunukia. Ni kwa ajili ya mgeni.

14 Juni
Leo mchezo wa kwanza, darasani shuleni. Nieleze vizuri, maana sikuwahi kuona kitu kama hiki.

Makame kasema uongozi haufundishwi kwa kitabu peke yake. Mtu apewe cheo cha kuigiza, apewe tatizo, watu wamgombeze, aone jasho linavyotoka. Kwa hiyo wanafunzi wanagawana vyeo. Mmoja mwenyekiti, mmoja katibu, mmoja bwana shamba, wengine wananchi. Na sisi wa kijiji tunaingizwa humo humo.

Makame ana filimbi ya refa shingoni. Kasema, "Ikilia mara ya kwanza, wewe si wewe tena. Ikilia mara ya pili, umerudi. Yatakayosemwa hapo katikati hayamfungi mtu. Mmenielewa, wazee wangu?"

Tumesema tumeelewa.

Filimbi ikalia. Ishaka ndiye mwenyekiti. Msichana mmoja wa kwao, Nesta, kapewa kuwa mwananchi mkorofi. Lo! Kamkoromea Ishaka mpaka kijana kasahau maneno. "Mwenyekiti, wewe unajua jembe au unajua kalamu tu?" Watu wakapiga meza. Asajile kapewa kuwa mama mjamzito anayeomba dawa. Kajifunga khanga ya Nesta. Kina mama wamelia kwa kucheka.

Halafu Makame kanishika bega. "Mzee Lusubilo, wewe ni Mkuu wa Wilaya."

Nikasimama. Sikujua niseme nini. Nikamwona Asajile na khanga yake, nikamuuliza, "Wewe, majembe ya kijiji yaliyoletwa mwaka jana yako wapi?"

Watu wakatazamana. Halafu wakalipuka. Asajile naye kacheka, meno tu.

Filimbi ya pili ikalia. Nikarudi kuwa kibarua. Nikangoja Asajile anifanye kitu. Hajanifanya kitu. Kanipa hata mkono. Nikaona kumbe kweli, yaliyo ndani ya filimbi hayamfungi mtu. Ni kitu kizuri. Mtu anasema ukweli na analala kwake.

15 Juni
Kuchuma. Kila mtu ananiita Mkuu wa Wilaya. Nyapara naye.

18 Juni
Ishaka kaja shambani kunisaidia kuchuma baada ya masomo. Anachanganya mbichi na mbivu. Nikamwambia kahawa mbichi ukiichuma ni kama kumtoa mtoto shule kabla hajajua kusoma. Kacheka, kaniambia, "Baba, wewe ungekuwa mwalimu."

Kaniita baba. Mwanzoni alikuwa ananiita mzee.

Jioni tumeshuka naye shamba la mtoni kukata ndizi. Kauliza ule mti wenye majani marefu pembeni ni wa nini. Nimemweleza yote, habari ya mpaka, na kung'oa, na kutokupanda tena. Kasikiliza sana. Hata ndizi hakumaliza.

20 Juni
Kanisani. Ishaka ni Mwislamu lakini kanisindikiza mpaka mlangoni, kanisubiri nje kwenye baridi.

23 Juni
Mchezo tena. Ishaka hakufanya vizuri. Makame kamwambia mbele ya wote, "Unaamrisha. Kiongozi hushawishi." Nyumbani hakula.

Nikamwambia kula.

Kasema, "Baba, wenzangu wote wamepata alama. Mimi sina. Mwalimu anataka mtu amshawishi mgumu kweli kweli, siyo mwanafunzi mwenzake."

Nikamwambia kula, mgumu atapatikana.

24 Juni
Ukungu.

27 Juni
Natoka kanisani, namkuta Asajile nyuma ya jiko langu na Ishaka. Wakanyamaza. Asajile kasema walikuwa wanaongea mpira. Asajile hajui mpira una watu wangapi.

28 Juni
Kuchuma. Mgongo unauma.

1 Julai
Ishaka kanipikia. Ugali umekuwa uji, nimekula. Halafu kasema, "Baba, naomba kitu. Kesho ni zamu yangu ya mwisho kuongoza. Nataka ucheze wewe mwenyewe. Mzee mkaidi wa shamba la mtoni. Ukatae kwanza kama unavyomkatalia mwenyekiti, mimi nikushawishi, halafu mwisho ukubali. Bila wewe nitaanguka."

Nikauliza, ni mchezo?

"Mchezo, baba."

Nimesema sawa.

2 Julai
Nimekaa na kalamu muda mrefu. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi tumeshuka wote shamba la mtoni. Ishaka kasema darasani hapanogi, leo tuchezee mahali penyewe. Walikuwepo wanafunzi wenzake, Nesta pia. Asajile alikuja na wazee wanne, na Anyosisye. Nikashangaa wazee wamevaa makoti ya msibani. Nikaona labda ni baridi.

Makame hakuwepo. Kaenda Vwawa kutafuta usafiri wa kurudi.

Nikamuuliza Ishaka, "Filimbi iko wapi?"

Kasema, "Mwalimu kaondoka nayo. Lakini ni ule ule, baba. Anza tu."

Nikaanza. Nikakataa. Nilikataa vizuri, maana sikuhitaji kujifunza. Nikasema hapa tulifyeka na Enesi, hapa ndipo alipopandia migomba akiwa na mimba. Nikasema mmenihamisha nyumba, mkanibomolea paa, sasa mnataka na maji. Wanafunzi wakaacha kuandika. Mmoja alikuwa anafuta macho.

Ishaka akaanza kunishawishi. Kijana anajua kuongea, sitasema uongo. Kasema watoto wa kijiji watasoma kwa kahawa hiyo. Kasema jina la Enesi litaandikwa kwenye mashine. Kasema, "Baba, siji kukuamrisha. Nakuomba." Sauti ilitetemeka. Hata mimi ilinishika, na nilijua ni mchezo.

Nikasema, "Haya. Nimekubali."

Kasema, "Kwa desturi ya hapa, baba, mtu akikubali anafanyaje?"

Nikamwangalia. Yeye hakuniangalia. Aliangalia mti.

Nikawaza, kijana anataka alama zake zitimie. Nikawaza, yaliyo katikati ya mchezo hayamfungi mtu. Niliwahi kuwa Mkuu wa Wilaya na kesho yake nikachuma kahawa. Nikainama, nikashika shina kwa mikono miwili, nikatikisa. Uligoma. Udongo ulikuwa mkavu. Nikavuta tena mpaka ukatoka na mizizi.

Wanafunzi wakapiga makofi.

Wazee hawakupiga makofi. Wale wazee wanne walivua kofia.

 Nikasema kwa nguvu, "Mchezo umekwisha!" Nikangoja mtu anijibu. Asajile kaja, kauchukua mti mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayempokea mtoto. Kasema, "Asante, Mzee Lusubilo. Kijiji hakitasahau."

Ishaka alikuwa anapewa mikono na wenzake.

3 Julai
Nimeshuka kuupanda tena. Asajile kauchukua. Shimo liko wazi. Nimeliangalia, nikarudi.

5 Julai
Wamekuja na vigingi vya kupimia. Nimewaambia watoke. Kijana mmoja wa ofisini kasema, "Mzee, si umeng'oa mwenyewe?"

6 Julai
Kikao kwa wazee. Nimesema ulikuwa mchezo. Nimeeleza habari ya filimbi. Mzee mmoja kauliza, "Siku hiyo filimbi ililia?"

Nikasema hapana.

"Basi ulikuwa mchezo gani?"

Wakamwita Anyosisye. Tumekaa naye jirani huku na kule tulikotoka. Alibeba jeneza la Enesi upande wa mbele. Nilijua atasema. Kasimama, kaangalia chini, kasema, "Mimi niliona aking'oa. Kwa mkono wake. Zaidi ya hapo sijui."

"Sijui?" nikamwambia. "Anyosisye, hujui?"

"Nina watoto, Lusubilo." Kakaa.

Wakamwita Ishaka. Alivaa koti jeusi, la Asajile. Kasema Kiswahili cha redio. Kasema, "Kwa ninavyofahamu mimi, mzee alishawishika. Alikubali kwa hiari. Machozi yalimtoka."

Hayakunitoka. Lakini aliniita mzee.

7 Julai
Ishaka kahamia kwa Asajile. Kachukua sanduku nikiwa kazini. Sabuni kaiacha. Nimeitupa chooni.

8 Julai
Sikwenda kazini. Nyapara kanikata siku.

10 Julai
Nesta kaja. Kasimama mlangoni, hakuingia. Kasema, "Mzee, nataka nikuambie. Ishaka alijua. Mwenyekiti alimwambia, ukinipatia lile shamba nitamwambia mwalimu wako kwamba umefanikisha jambo la kweli kijijini, siyo maigizo. Ndiyo maana walingoja mwalimu asafiri."

Nikamuuliza, "Na wewe ulijua lini?"

Kajifunga khanga upya.

"Lini, binti?"

"Usiku wa kuamkia siku ile."

"Na asubuhi ukaja kuangalia."

Kasema, "Nilidhani hutaung'oa."

Nimefunga mlango. Huyu ndiye mkorofi wa kwao. Mkorofi wa ndani ya filimbi.

11 Julai
Kanisani nilikaa nyuma. Anyosisye alikaa mbele.

13 Julai
Makame kasikia. Kaja na sweta zake. Kasema amesikitika sana. Kasema kama angekuwepo isingetokea. Kasema atazungumza na mwenyekiti. Nikamuuliza, Ishaka kapata alama?

Kaangalia kilima. Kasema, "Taarifa ya kijiji ilikuwa nzuri. Nilishaipeleka."

Nimempa kiti. Hakukaa.

14 Julai
Kazungumza na mwenyekiti. Mwenyekiti kamchinjia jogoo. Ndiyo hivyo.

16 Julai
Kuchuma. Kahawa ya serikali haina habari na mtu.

19 Julai
Nimekwenda kuchuma yangu ya mtoni. Asajile kaniruhusu nimalize ya msimu huu. Kaniruhusu!

23 Julai
Leo walikuwa wanaaga. Kijiji kizima kimejaa darasani. Makame kasema kila mmoja aseme alichojifunza, hata sisi. Wanafunzi wakasema, wakasema. Asajile kamsifu Ishaka, kamwita kiongozi wa kesho. Makofi. Makame hakumwangalia mtu.

Nikanyoosha mkono. Makame kaogopa, nilimwona, lakini kasema, "Karibu, mzee wangu."

Nikaenda mbele. Nikasema, "Mimi sina la kusema. Nimependa michezo yenu. Naomba mmoja wa mwisho, niongoze mimi."

Watu wakacheka. Anyosisye hakucheka.

Nikasema, "Mwalimu, piga filimbi yako. Safari hii nataka niisikie."

Makame kasita. Halafu kapiga. Ilikuwa ndogo, lakini ililia.

Nikasema, "Ishaka, njoo."

Akaja. Angefanyaje, watu wote wanaangalia. Anatabasamu kama mtu wa picha.

"Mimi ni mwenyekiti wa mchezo," nikasema. "Wewe ni kijana uliyelala nyumbani kwa mzee mmoja. Mzee huyo alikupa shuka lake. Ukamdanganya, akang'oa mti. Sasa mimi nakushawishi. Siji kukuamrisha, nakuomba. Sema mbele ya hawa watu: Mimi Ishaka nilijua. Maneno matatu. Ukishasema, tutapiga makofi."

Upepo kwenye bati.

Kasema, "Mzee, hapa si mahali pake."

"Filimbi imelia. Hapa si wewe."

"Mzee..."

"Ni mchezo tu, mwanangu. Yaliyo katikati hayamfungi mtu. Mwalimu wako kasema. Wewe mwenyewe umeniambia, ni ule ule, anza tu. Anza."

Alifungua mdomo. Naapa alifungua. Nesta kule nyuma kasema, "Sema, Ishaka." Asajile kakohoa. Mdomo ukafungwa.

Nikamuuliza, "Mbona umekushinda? Mimi sijasoma nimeweza. Nimekuwa Mkuu wa Wilaya, nimekuwa mjinga, vyote nimeweza."

Mama mmoja akaguna. Halafu mwingine. Hakuna aliyecheka tena. Makame kaweka filimbi mdomoni, kaitoa, kasema muda umekwisha, lori linangoja.

Hakupiga ya pili.

24 Julai
Wameondoka.

25 Julai
Upepo.

2 Agosti
Msaragambo. Kila kaya itoe mtu kuchimba msingi wa mashine. Kwenye kaya yangu mtu ni mimi. Nimekwenda, nisipokwenda wataniita mpinga maendeleo. Wakang'oa migomba. Asajile kanipa sehemu ya kivulini, kama mgonjwa. Nimechimba juani.

3 Agosti
Kuchimba.

4 Agosti
Kuchimba. Wazee wale wanne walipita. Mmoja kaniambia, "Lusubilo, usituchukie. Sisi tuliona mkono." Nikamwambia sijawachukia. Wao walivua kofia kwa kitu cha kweli. Aliyekifanya kuwa uongo ni mwingine.

12 Agosti
Binti kaleta habari kutoka ng'ambo, niende nikakae kwao. Nimesema bado.

20 Agosti
Saruji imefika nusu. Nyingine haijulikani ilipo.

1 Septemba
Mashine imekuja, imefunikwa turubai. Asajile kaniita niwe mlinzi wa mashine. Kasema nitafakari. Nimesema nimeshatafakari.

9 Septemba
Joto limeanza. Msimu wa kahawa unakwisha. Anyosisye kaja kwangu. Mara ya kwanza tangu kikao. Kakaa kwenye kigogo nje, kazungusha kofia.

Kasema, "Maji machafu ya mashine yanataka njia. Wanasema njia inapita kwangu. Asajile kasema kesho nikawaonyeshe mti wangu wa mpaka. Kuonyesha tu."

Nikachukua jembe, nikaanza kulinoa.

"Kasema niushike tu, wapige picha ya gazeti la mkoa. Kasema ni ya maonyesho."

Nikaendelea kunoa.

"Lusubilo, njoo usimame na mimi."

Nikamwambia, "Nina kazi."

Kaondoka. Nilimwangalia mpaka kaingia kwake. Sijamsamehe. Naandika hapa ili niwe na uhakika: sijamsamehe.

10 Septemba
Nimekwenda. Sikwenda kwa kumpenda.

Walikuwepo Asajile, mtu mmoja na kamera, na wazee wale wale, makoti yale yale. Anyosisye kasimama karibu na mti wake, mikono kaipeleka nyuma kama mtoto aliyekatazwa sukari. Mtu wa kamera kasema, "Shika shina, mzee, kidogo tu, utabasamu."

Mkono wa Anyosisye ukatoka nyuma. Nikasema, "Rudisha mkono."

Kaurudisha.

Asajile kasema, "Lusubilo, usiharibu. Ni picha tu."

Nikawaambia wazee, "Mmeona? Mkono uko nyuma. Hajashika. Mtakapoulizwa mlichokiona leo, mmeona hivyo."

Mzee mmoja kavaa kofia yake vizuri, kasema, "Tumeona." Wengine nao wakavaa.

Mtu wa kamera kauliza sasa apige nini. 

Asajile kanisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku. Kasema, "Hili si shamba lako. Wewe hapa ni nani?"

Nikamwambia, "Shahidi."